Wanasesere Wenye Sindano Kifuani

Watu wa mtaa wetu wa Rugenge wakimtaja Mwalimu Léocadie husema alikuwa mwanamke mpole. Sijui nani aliwadanganya. Mimi nilikuwa mwanafunzi wake, nilikaa benchi la mbele, na nawaambia hakuwa mpole hata chembe. Alikuwa mfupi na sauti yake ilikuwa ya chini, basi, na watu wanachanganya hayo na upole. Kichwa chake kilikuwa kigumu kuliko vichwa vyote vya Uvira. Namshukuru Mungu kwa kichwa kile, maana bila hicho mimi na wenzangu tungeitwa wachawi mpaka kaburini.

Baba yake alikuwa mvuvi wa Kalundu, mama yake alilima muhogo mlimani. Masista walimfundisha kusoma na kushona, kisha wakamweka awe msaidizi katika darasa la kazi ya mikono kwenye shule ya wasichana. Kila mwaka wasichana wa darasa letu walitakiwa kutengeneza mwanasesere, ambaye sisi tunamwita pupe, kila mmoja wake, na siku ya kufunga shule wazazi walikuja kuwatazama. Mfano ulikuwa mmoja tu, umetoka Ulaya, mwili wa waridi na nywele za njano. Wasichana walishona kitambaa cheupe na kutia nyuzi za katani kichwani, na kadiri mwanasesere alivyofanana na mgonjwa ndivyo alivyopata alama nzuri.

Uhuru ulipokuja masista walifunga mizigo yao wakaondoka, na Léocadie akabaki na darasa, kabati na yule mzungu mdogo. Alimtoa kabatini, akamtazama, akampa mtoto wa jirani achezee matopeni.

“Huyu hatukumuzala siye,” alisema.

Kuanzia hapo tulitengeneza wa kwetu. Ndani tulijaza majani makavu ya mgomba, tukayakaza kwa kamba. Ngozi ilikuwa kitambaa cheupe tulichokichemsha na magome ya mti mpaka kikawa na rangi yetu. Nguo tuliziokota kwa mafundi cherehani wa sokoni, vipande vya vitenge walivyovitupa chini ya meza. Nywele zilikuwa za mkia wa ng'ombe. Aliyezileta ni rafiki yangu Candide, ambaye wajomba zake walichunga kule Rurambo milimani, na kila alipotoka likizo alishuka na fungu linalonuka zizi. Tulimcheka, huku tunagombania nywele zake.

Baba mmoja alikuja kulalamika. Tumepata uhuru, alisema, na sasa ndiyo mnawarudisha watoto wetu kwenye majani ya mgomba? Yuko wapi yule mzuri wa masista?

“Mwenye unaona pale njo muzuri,” Léocadie alimjibu, akamwonyesha mmoja wa wale wetu wa majani, kisha akamwonyesha mlango.

Shida yetu ilikuwa sindano. Maduka ya barabara kubwa yalikuwa yanafungwa moja baada ya jingine, na sindano ikianguka sakafuni ilikuwa imekwenda, au inaingia mguuni mwa mtu. Basi Mwalimu alitunga sheria. Kengele ikilia, kila msichana amchome mwanasesere wake sindano kifuani, kwa sababu kifua ndicho kinene, majani yake yamekazwa, na sindano ikiingia pale haitoki mpaka mwenyewe aitoe. Halafu wanasesere wote wanapangwa kabatini. “Sindano kifuani!” alikuwa anasema, na sisi tunachoma. Hatukuwaza chochote. Nani angewaza?

Mwaka wa sitini na nne wakaja Simba, waasi waliopigana na serikali. Waliuchukua mji bila taabu kubwa, na majani vichwani na ngozi mabegani, wakipaza sauti kwamba risasi za serikali zitageuka maji. Dawa ndiyo ilikuwa nguvu yao, na dawa ilikuwa na masharti. Sharti lililotuhusu sisi lilikuwa hili: mwanamke asimguse mpiganaji. Akimgusa, hata kwa nguo, hata kwa bahati mbaya, dawa inakufa palepale na mtu yule anabaki nyama ya risasi kama mtu yeyote. Kwa hiyo wao walipita katikati ya barabara na sisi tulijibana kwenye kuta. Mvulana akirudi nyumbani kusalimia, mama yake aliweka chakula juu ya kiti, akarudi nyuma mpaka mlangoni, ndipo mwanawe akakaribia. Niliona mama wa namna hiyo akilia huku anatabasamu.

Shule, iliyofungwa walipoingia, waliifungua wao wenyewe. Mkubwa wao, Komanda Hyacinthe, aliyewahi kuwa karani hapahapa Uvira, alitaka watu waone kwamba maisha ni ya kawaida. Hakuwa mjinga, na hilo ndilo lililonifanya nimchukie. Mjinga ningemsamehe.

Kisha wapiganaji wakashuka bonde la Ruzizi kupigana na askari wa serikali, na malori yakarudi na maiti zilizofunikwa kwa majani ya migomba. Uvira nzima ilijiuliza. Kama dawa inageuza risasi kuwa maji, hawa wamekufaje? Mganga wao alitakiwa kujibu swali hilo, na alitakiwa kujibu upesi. Siku hiyohiyo wapiganaji wawili waliingia shuleni kutafuta vitambaa vya kufungia majeruhi. Wakavunja kabati letu, na ndani wakakuta watu wadogo weusi wamesimama safu kwa safu, kila mmoja na sindano moyoni.

Hata mimi, nikijiweka mahali pao, ningekimbia.

Asubuhi yake walipiga filimbi mitaani, wazazi wote wa wasichana waje uwanja wa shule. Wanasesere walikuwa wamemwagwa juu ya mkeka. Hawakuwa wamebebwa kwa mikono, walisukumwa kwa fimbo, kwa sababu hakuna mpiganaji aliyetaka kushika kitu kilichoshonwa na wanawake. Kando ya mkeka paliwekwa rundo la kuni. Mwalimu Léocadie alisimamishwa mbele, na sisi wasichana tukapangwa nyuma yake. Candide alinishika mkono.

“Weye njo mwalimu wa hii kazi?” Komanda aliuliza.

“Njo minye.”

“Hii bintu ni nini?”

“Ni bapupe. Batoto banabitengeneza ku masomo.”

“Na sindano ku roho? Juu ya nini?” Alitaka sababu.

“Juu sindano zinapoteaka. Ku kifua haipotee. Na ule ni pupe, Komanda, haiko na roho. Iko na majani ya mugomba.”

Mtu mmoja kati ya wazazi alicheka, akajizuia haraka. Mganga, mzee mwenye kofia ya manyoya, alikohoa akasema kwa sauti kwamba kila mwanasesere ni mpiganaji mmoja aliyerudi maiti ndani ya lori. Mwalimu alimgeukia.

“Basi chukua moja,” alisema, “ita jina yangu, na uchome. Tungoje pamoja kama nitakufa.”

Mganga hakusogea. Mwalimu aliinama mwenyewe, akaokota mwanasesere, akasema, “Huyu ni Léocadie,” akaichomoa sindano yake, akamchoma nayo kifuani mpaka ikazama nusu. Akamchoma tena tumboni. Halafu akasimama akatutazama sote, na tukangoja, na upepo wa ziwa ukapita, na yeye akapiga chafya tu.

Safari hii watu wengi walicheka. Ndipo Komanda alipokasirika kweli, kwa sababu aliweza kustahimili mchawi lakini hakuweza kustahimili kuchekwa. Mganga naye alikuwa na jibu lake: uchawi haumdhuru mwenye uchawi. Ukitazama, jibu lile lilimfungia Mwalimu kila upande. Angekufa, ni mchawi. Hakufa, ni mchawi.

Komanda alishusha sauti, akawa karani tena. Alimwambia afanye jambo dogo tu. Aseme mbele ya watu kwamba ni uchawi, na kwamba mama za wasichana ndio waliomtuma. Aseme hivyo, wasichana wenyewe wachome wanasesere wao motoni, na yeye Mwalimu arudi nyumbani kwake leo.

“Na ukikatala,” alisema, “unajua njia ya ku muto.”

Sote tuliijua njia ya mtoni. Waliopelekwa huko hawakurudi. Na sote tulijua pia maana ya jambo lile dogo. Msichana akichoma uchawi wake kwa mkono wake mbele ya mji mzima, nani atamwoa? Nani atanunua samaki kwa mama yake? Jina lile halioshwi na maji ya ziwa lote la Tanganyika. Nilimtazama Mwalimu mgongoni na nikaomba, nasema kweli, nikaomba akatae, ingawa nilijua ninaomba nini.

“Apana,” alisema. “Ni pupe. Utanipiga, itakuwa pupe. Utaniua, kesho itakuwa pupe. Minye siwezi kusema uongo juu ya batoto ba bantu.”

Walimpiga. Kwa fimbo, maana kwa mikono hawangeweza. Walimpiga miguuni mpaka akaanguka, na alipoanguka hakulia, alitukana. Sikujua kwamba mwalimu wetu anayajua matusi yale, mengine ya wavuvi, na sitayaandika hapa. Kisha Komanda akatuamuru sisi tuanze kuwatia wanasesere motoni, na mpiganaji mmoja akawasha kuni.

Mwalimu aliinua kichwa kutoka mavumbini.

“Batoto,” alisema, kwa sauti ileile ya darasani. “Kila mutu achukue mutoto yake. Mubebe ku mugongo. Mwende kwenu.”

Nilielewa mara moja, na nadhani wote tulielewa mara moja, maana tulizaliwa Uvira. Candide alikuwa wa kwanza. Alitoka mstarini, akamwokota wake, akavua kitambaa cha kichwani na kumfunga mgongoni kama dada anavyombeba mdogo wake. Nikafuata. Tukafuata wote. Kisha tukatembea kwenda kwenye lango walipokuwa wamesimama wapiganaji na bunduki zao.

“Bashike!” Komanda alipiga kelele.

Nani atushike? Kumnyang'anya msichana kitu kilichofungwa mgongoni lazima umguse. Wapiganaji walitutazama tunakuja na wakarudi nyuma, hatua, na hatua nyingine, wanaume wenye bunduki wanawakimbia watoto waliobeba majani ya mgomba. Mmoja alikuwa kaka wa msichana wa darasa letu. Aliinua bunduki, akaishusha, akatupisha. Nilipita karibu naye hata nikasikia harufu ya jasho lake, na niliona fahari ambayo sijawahi kuiona tena, hata siku ya arusi yangu.

Komanda alibaki na moto unaowaka bure na mwanamke mmoja chini. Aliamuru apelekwe mtoni.

Mama yangu, Pélagie, alikuwa muuza samaki, mnene, na mdomo wake ulijulikana mpaka Kavimvira. Nilikuwa nimefika langoni nikageuka, ndipo nilipomwona anatoka kati ya wazazi. Alikwenda akasimama juu ya Mwalimu, mguu huku na mguu huku. Akaja mama wa Candide. Akaja Mama Nizigiyimana, aliyekuwa na mimba kubwa. Wakaja wote, wakasimama bega kwa bega wakamzunguka, vitenge vimegusana, hakuna nafasi hata ya kupitisha fimbo.

“Toeni huyu muntu!” Komanda alisema.

“Kuya umutoe weye,” mama yangu alimjibu.

Hakuja. Vijana wake walikuwa wamepoteza wenzao jana na wasingepoteza dawa leo kwa ajili ya hasira za mtu mmoja. Kupiga risasi kundi la akina mama wa mji wake mwenyewe hakuthubutu, au labda alithubutu na vijana wakakataa. Mimi sijui, na sitamsifu. Wanawake walimwinua Mwalimu katikati yao, wakatembea polepole wakiwa duara, na duara lile lilitoka langoni, likapita barabara kubwa, likafika Rugenge. Kila mpiganaji aliyekutana nalo aliruka mtaro.

Miguu yake haikupona vizuri. Alichechemea maisha yake yote, na baadaye, Simba walipoondoka na askari wa serikali walipokuja na fujo zao, aliwakabili hao pia akichechemea, lakini hayo ni mengine.

Jumatatu iliyofuata tulikwenda shule. Mama zetu walikuja nasi, wakakaa uwanjani wakimenya muhogo, kana kwamba muhogo haumenyeki nyumbani. Wapiganaji wawili walitumwa kuchunguza, wakasimama nje ya dirisha, mbali kidogo. Mwalimu Léocadie aliingia kwa fimbo mbili alizokata mwenyewe, akakaa, akasubiri tumalize kusimama na kusalimia. Wanasesere wetu walikuwa juu ya meza. Walikuwa na nywele, walikuwa na nguo, ila nyuso zao zilikuwa tupu, kwa sababu uso ndio tunaoumaliza mwisho.

Aliwatazama wale wawili dirishani. Kisha akatugeukia.

“Mutunge uzi mweusi,” alisema. “Leo tunashona macho.”