Kuomba Picha kwa Kiingereza

Dada yangu alipofariki hatukuwa na picha yake nzuri hata moja. Simu yake ilikuwa imeingia maji, na mama alitaka picha kubwa ya kuweka mbele ya altare siku ya misa ya kumaliza matanga. Picha ilikuwepo, tuliijua. Shirika la wageni alilopikia chakula kwa miaka lilimpiga picha akicheka jikoni. Nilipoenda kuiomba, mlinzi aliniambia mkubwa wao yuko nchi nyingine, nimwandikie kwa barua pepe, tena kwa Kiingereza.

Mimi sikumaliza sekondari, na hiyo kidogo niliisoma kwa Kifaransa. Nikapanda hadi mtaa wa Kadutu, kwa maman mmoja anayechapa barua za watu karibu na soko. Nikamwambia aandike: dada yangu amekufa, ninaomba picha yake.

«Si vile, papa,» akasema. «Kwanza unatumaini barua inabakuta bazima. Kisha unasikitika kubajulisha.»

Maneno hayo ya kusikitika niliyajua. Dada alipoomba ruhusa aende kutibiwa, shirika lilimjibu kwa hayohayo, likamnyima.

«Na mwisho, unangojea jibu yabo na furaha.»

«Furaha gani, maman? Niko na kilio.»

«Eh, papa! Hii furaha si yako, ni ya Kiingereza. Ukiitosha, barua ikose furaha, batasema hauna adabu.»

Waliokuwa wakingoja fotokopi wakacheka. Nilikubali kwa sababu nilitaka picha, lakini kutia furaha katika kifo cha dada kulinichoma.

Jibu lilikuja. Maman akanisomea: wanatumaini niko mzima, wanatupa pole za dhati, nipokee picha iliyoambatanishwa, nisisite kuwaandikia nikihitaji kitu kingine. Akateremsha ukurasa, akaupandisha. Picha haikuwemo.

Tukaandika tena, na heshima zote zile. Wakanishukuru kwa uvumilivu wangu. Uvumilivu huo sikuwa nao, na hakuna aliyeniuliza. Mara hii pia picha haikuwemo.

Misa ilisomwa Jumamosi. Mbele ya altare tuliweka mshumaa na kitenge cha dada kilichokunjwa. Watu walipokuwa wakiingia, mama aliniinamia sikioni.

«Bazungu balisema nini?»

«Baliandika muzuri sana, mama.»

«Na picha?»

«Haikuja.»

Akageuka, akakinyoosha kile kitenge kwa kiganja.