Zamu za Kukaa na Majivu

Katika jambo moja tu ukoo wa mume wangu ni hodari: kuchagua kitenge cha msiba. Siku ya tatu baada ya mwili wa mume wangu kuchomwa walijaa sebuleni kwangu, hapa Malvern, Johannesburg, wakabishana mchana kutwa kama sare iwe ya zambarau au ya kijani. Shemeji yangu, mdogo wa marehemu, alisimama mara nne kutoa hotuba. Wifi yangu, dada yao, mwenye saluni ya kusuka nywele, alizungusha simu yake watu waone mishono. Marehemu mwenyewe alikuwa juu ya kabati, ndani ya kasha la plastiki la kijivu lenye stika ya jina lake, na hakuna aliyemtupia hata jicho.

Nikauliza, "Na huyu tunamweka wapi?"

Mmoja akakumbuka ana zamu kazini, mwingine akakumbuka ameacha jiko linawaka. Mchungaji akaomba sala ya kufunga kikao, ndefu kweli kweli, nayo haikumgusa mtu wa kwenye kasha hata kwa bahati mbaya.

Niseme kwanza kwa nini alichomwa, maana huko kwao hadi leo wanadhani ni mimi niliyemchoma, mwanamke wa Muheza nisiye na utu. Mume wangu alikuwa fundi cherehani kutoka Lubumbashi, na duka lake, ambako nami nilijifunza kushona, liko Jules Street, mwendo wa dakika tano kutoka nyumbani. Kazi iliyomweka mjini ilikuwa hizo hizo sare za msiba. Alizishona miaka nenda miaka rudi, na mchezo aliouona ni ule ule: maiti wiki nne kwenye jokofu, ndugu wakigombana azikwe huku au arudishwe kwao, na wakati huo huo wanapita dukani kupunguza kiuno cha sketi. Lilimchukiza sana jambo hilo. Alipolazwa hospitali alituambia mdogo wake na mimi, tumesimama pande mbili za kitanda: "Miye, munichome. Kisha bibi yangu aniweke fasi ataweza kufika na miguu."

Fasi kwao ni mahali, na bibi ni mke. Shemeji alisikia. Aliitikia kwa kichwa machozi yakimtoka, akamshika kaka yake mguu juu ya shuka, akasema ndiyo, kaka, ndiyo.

Kwa hiyo pa kumweka nilipajua. Nilitaka akae dukani kwake, kwenye kona ya meza ya kukatia. Nilipotamka hivyo wiki iliyofuata, mbele ya watu wale wale, shemeji alivuta pumzi kama mtu aliyetukaniwa mama yake.

"Shemeji, muntu hakalake na mufu mu fasi ya kazi. Siye kwetu, kama hakuna kaburi, matanga haiishe. Utavaa nguo nyeusi mpaka lini?"

"Basi mpelekeni mkamzike kwenu," nikasema, nikiomba wasikubali. Karatasi zangu haziniruhusu kuvuka mpaka na kurudi. Akienda huko, ndio simfikii tena.

"Tutamupeleka. Tuangalie kwanza nani anaenda naye."

Wanaangalia hadi leo.

Wifi naye akadakia kwamba mjane kukaa na majivu ya mumewe ni kumfungia njia asipumzike, na kwamba hayo ni mambo ya ukoo. Ukoo! Watu ambao hospitali walikuja mara mbili, na mara zote mbili walikula chakula chake. Hasira zikanipanda. Nikashusha kasha kabatini nikamwekea shemeji mapajani.

"Mambo ya ukoo, haya. Kaeni naye kwa zamu, mwezi mmoja mmoja, mpaka mpate kaburi. Mimi nitakaa na nguo nyeusi."

Nilifurahi sana kuuona uso wake. Nikisema sana ndiyo sana yenyewe.

Shemeji ni mlinzi wa maghala huko Kempton Park, mtu mwenye sare ya vifungo vingi, tochi kubwa, na ujasiri wa kusimulia tu. Hakuthubutu kumwingiza ndugu yake ndani ya nyumba. Alimweka kwenye buti ya gari, kando ya tairi la akiba, baada ya kulizungushia kasha selotepu ya kahawia mara nyingi, nadhani asije akatoka. Mwezi ule mume wangu alizunguka Johannesburg kuliko alivyozunguka miaka yote ya uhai wake hapa. Alifika hadi Alexandra, shemeji alikokwenda kutafuta vipuri. Gari likizimika njiani, shemeji alisema ni kaka amekasirika. Gari lile lilikuwa likizimika tangu siku alipolinunua.

Ikaja zamu ya wifi. Yeye alimpandisha rafu ya juu kabisa saluni, katikati ya mawigi, akamfunika taulo. Siku ya tisa akanipigia simu nikamchukue.

"Wifi, kuya umukamate leo. Banamuke banauliza kule juu kuko nini, na miye nashindwa kujibu."

"Si ni mambo ya ukoo?"

"Eish, wifi, usinichekee."

Nilimcheka. Nilimwambia zamu yake ina siku ishirini na moja zaidi, nikakata simu, nikacheka tena peke yangu. Siku hiyo hiyo akambeba akampeleka kanisani. Mchungaji alimpokea kwa mikono miwili, akasema nyumba ya Mungu ina nafasi kwa kila mtu, kisha akaagiza ifunguliwe stoo.

Kanisa letu ni karakana ya zamani, na stoo iko nyuma ya jukwaa, pamoja na viti vya plastiki na spika mbovu. Miezi miwili sikwenda kumtazama. Nilikuwa na kazi ya kuwadharau, na kazi hiyo ilinijaza siku nzima. Jumamosi moja mchana nikapeleka magauni ya kwaya niliyowashonea. Walikuwa mazoezini, joto kali, mlango wa nyuma umeachwa wazi. Mlango ule hujifunga kwa upepo, na siku zote huwekewa tofali. Siku hiyo tofali sikuliona. Niliona kasha la kijivu lenye selotepu ya kahawia.

Niliinama nikasoma stika. Majina yake, yote matatu, na juu yake alama ya soli ya kiatu.

Matusi nilikuwa nayo tayari, ya Muheza na ya Lubumbashi, na ya Kizulu niliyojifunzia sokoni. Nikashika kasha ninyanyue. Mwimbaji mmoja, mama wa makamo, akaniambia kwa upole, "Mama, usiitoe, mulango itajifunga." Nikamtazama nikaona hajui. Hakuna aliyemwambia. Ila mimi nilijua ni nani aliyelishusha kasha lile kabatini na kuligawa ili watu fulani waumbuke. Mume wangu aliniomba kitu kimoja, niweze kumfikia kwa miguu, na mimi nikampakia kwenye gari la mwoga ili nipate kucheka. Katika wote niliokuwa nawadharau, hapakuwa na aliyestahili dharau kunizidi. Nililia pale pale mlangoni, mbele ya kwaya nzima, magauni yao yakiwa begani kwangu.

Nikambeba nikatembea naye. Kutoka kanisani hadi dukani ni roboti mbili tu, yaani taa za barabarani, na zote mbili zilikuwa nyekundu, nikasimama na watu wengine kungoja. Selotepu ya shemeji niliikata kwa mkasi wa mwenyewe marehemu. Seremala wa mtaa wa nyuma akanitengenezea sanduku la mbao lisilo na pambo, nikalitia kasha ndani, tukalikaza kwa skrubu kwenye kona ya meza ya kukatia, pale pasi ilipokuwa ikikaa. Sikuitisha kikao. Nguo nyeusi nazo nikazivua bila kikao.

Mwezi uliopita wifi akaja dukani na mzigo wa kitenge. Ukoo ulikuwa umeamua kuondoa matanga, kaburi lipatikane lisipatikane, kwa sababu mwaka unakaribia na watu wanataka kucheza ngoma. Kitenge cha kijani. Upande wa zambarau ulikuwa umeshindwa. Akaanza kunieleza mikono iweje, shingo iweje, nyuma iachwe wazi kiasi gani, akimimina maneno kama kawaida yake, na kiwiko chake kimeegemea sanduku la kona. Mimi nakunjua kitambaa, namwitikia, ninajua vizuri sana ninachokingoja.

"Na ndugu yetu," akasema mwishowe, akishusha sauti. "Kanisani banasema ulimukamata. Ulimuweka wapi?"

"Umemwegemea."

Niliweka mkasi chini nipate kutazama vizuri. Dakika hiyo nilikuwa nimeiandaa kwa miezi: angeruka, angepiga ukelele, angejipangusa kiwiko kwa hicho hicho kitenge cha kijani, na mimi ningecheka mpaka nikae sakafuni.

Hakuruka. Alilitazama sanduku, akainua kiwiko polepole, halafu akaurudisha mkono, safari hii kiganja, akakilaza juu ya mbao. Vidole vyake vina sugu za kusuka, sikuwahi kuziona.

"Hapa ndio pasi ilikuwa inakaa," akasema.

"Ndipo."

"Alikuwa ananikataza kuigusa. Ati nitaungua."

Mkono hakuutoa. Mimi nilikuwa nimejiandaa kucheka tu, na sikujua uso wangu niufanyeje. Nikazunguka meza nikamvutia kiti.