Kiu ya Mizabibu

Enzi za Mjerumani, mlimani juu ya kijiji chetu cha Akheri, jirani yetu mmoja alikuwa Mtaliano mwenye mizabibu. Mfereji wetu ulipita kwake kwanza. Katika siku saba alichukua maji siku tano, akatuachia mbili. Nilihesabu mara mbili nikidhani nimekosea. Migomba yangu ndiyo iliyokuwa ya mwisho mferejini, na ndizi zake zilikuwa nyembamba kama vidole vya mgonjwa.

Wazee walikwenda kumsihi, wakarudi na heshima yao tu. Nikaenda mimi, ambaye hata chumvi sijawahi kuinunua kwa bei ya kwanza.

Nilimkuta shambani. Majani ya mizabibu yalikuwa mapana, ungeweza kuezekea banda. Zabibu hakuna, msimu wa tatu huo. Hakutaka mbolea yoyote ya unga ya dukani. Alitumia samadi na majivu tu, kama baba yake. Nikamsifu kwa hilo, kisha nikamuuliza shamba la baba yake lilikuwaje.

"Mawe," akasema. "Mawe na jua. Mvinyo wetu mwekundu una ladha ya mawe yale."

"Na mfereji, Bwana?"

"Mfereji wa wapi? Hata mbuzi walikuwa na kiu."

"Na mizabibu ilizaa?"

"Sana."

Mtu akianza kujipunguzia bei mwenyewe, usimkatize.

Alipogeuka kuutazama mfereji, nikamwambia kwetu maharage yakipandwa juu ya lundo la samadi na kunyweshwa kila siku hulisha mbuzi, hayalishi watu. Mzabibu wake ameushibisha mpaka umesahau kuzaa. Nikataka siku zote saba. Akanipa tatu. Tukafika sita, yeye moja ya kunywa na kuoshea mapipa. Nikaahidi kwamba mizabibu isipozaa, nitambebea samadi mwaka mzima bure.

"Umekwenda kudai maji, baba watoto, umerudi na kazi ya punda," mke wangu akasema.

"Punda anywe kwanza."

Mwezi wa pili tangu mapatano yetu, majani ya mizabibu yakaanza kuwa manjano. Mke wangu akanisukia kikapu kipya cha samadi, kikubwa.

Kisha vikatoka vichala, vidogo na vigumu, vikakomaa vyeusi. Nilihesabu mia na kumi na viwili. Nikarudia: mia na kumi na vitatu. Kimoja kilijificha nyuma ya jani.

Mvinyo ulipokuwa tayari aliniita, akanimiminia kikombe. Ulinikausha mdomo kama ndizi mbichi.

"Unayasikia mawe?"

"Nayasikia, Bwana. Na kwa kuwa kazi yote yanafanya mawe, hiyo siku ya saba ya nini?"

Akacheka mpaka akamwaga mvinyo. Alijibakizia asubuhi tu ya siku ile, saa zilizobaki akatuachia sisi.

Kile kikapu hakikubeba samadi hata mara moja. Mke wangu alikitilia ndizi za mkungu wetu wa kwanza kwenda sokoni. Zilikijaza, na nyingine zikabaki chini.