Mlio wa Gari la Upepo

Katika gereji ile ya mabati, ukiita "fundi" vinageuka vichwa vingi. Ukiita Sikio, anageuka mmoja. Jina alilipata kazini. Wenzake hufungua injini ili waione. Yeye husimamisha bisibisi ndefu juu ya injini inayonguruma, akatega sikio kwenye mpini, akafumba macho kama mtu anayesikiliza umbea, kisha akakwambia ugonjwa uko wapi. Wateja wageni walimwona kichaa. Wa zamani walizima redio wakanyamaza.

Kazi aliyojivunia kuliko zote ilikuwa gari la mdogo wake. Lilikuwa gari dogo la nyumbani, la kwenda sokoni na kurudi, lisilo na makuu. Lakini mdogo mtu, ambaye mtaa mzima ulimwita Upepo, alikataa katakata kuendesha kitu cha kistaarabu. Basi ndugu hao wakalivalia njuga. Walichonga kichwa cha injini ili ipate nguvu zaidi, wakaondoa boksi la filta na kuweka filta ya wazi ili ivute hewa tele, wakafungua ekzosi nyembamba ya kutolea moshi na kufunga bomba pana. Walipomaliza, gari lilitoka na mlio wake peke yake: mzito, wa kifuani, na ukiachia mafuta linakohoa mara mbili. Ile ekzosi ya zamani na boksi lake Upepo alivifunga kwenye gunia akavipandisha juu ya kenchi za paa.

"Kaka, nikizeeka utanirudishia," alisema, akacheka mpaka akapaliwa.

Hakuzeeka. Homa ilimlaza, na kabla watu hawajaamua kama ni homa ya kuogopa, wakajikuta wanarudi kutoka makaburini.

Gari likabaki gerejini. Jioni moja Sikio aliliwasha ili betri isife, akaona aende nalo nyumbani. Mama yao, ambaye macho yake yalikuwa yamefunikwa na mtoto wa jicho, alikuwa kwenye kiti chake cha dirishani. Sikio alipoingia alimkuta ameinua uso, umejaa nuru.

"Nimemsikia mdogo wako," akasema.

Sikio alitaka kumkumbusha. "Ndiyo, Mama," akajibu. Jioni hiyo mama alimaliza sahani yake, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu msiba.

Hivyo ndivyo mtu mzima na akili zake alivyoanza kumwendesha marehemu mitaani. Kila jioni alipita na lile gari, mama akasema amemsikia, naye akajibu ndiyo. Watu wengine walifunga madirisha. Na ndani ya gari mambo hayakuwa shwari. Reli ya kiti cha dereva ilikuwa imelika. Upepo alikuwa na miguu mirefu, alizoea kukisukuma kiti nyuma mpaka mwisho. Sikio, mfupi wa kimo, alikivuta mbele. Lakini kila alipokanyaga mafuta kiti kilirudi nyuma chenyewe, polepole, mpaka mahali pa mwenyewe. Kukikaza ni kazi ndogo, naye ni fundi. Hakukigusa. "Haya, kaa basi," alikuwa akisema, halafu mwili unamsisimka, maana hakujua anamwambia nani.

Ndipo shemeji yake, mjane wa Upepo, akaja gerejini mchana kweupe.

"Karibu, shemeji. Kuna tatizo?"

"Tatizo ni wewe, shemeji." Hakukaa kwenye kiti alichosogezewa. "Ukipita kwetu jioni, mwanangu anaacha chakula anakimbilia mlangoni. Anasimama pale na ndala za baba yake mkononi, kama alivyozoea kumpokea. Namrudisha ndani analia. Na mimi, nisikufiche, nimeshajikuta mbele ya kioo natengeneza nywele. Nimechoka kufiwa kila jioni."

Sikio alifuta mikono iliyokuwa safi. "Mama anaishi kwa mlio ule. Nikiuzima, nitamzika na yeye."

"Basi chagua. Ila usiseme hukuambiwa." Akaondoka.

Sikio alitupa kitambaa. Kisha akaegemeza ngazi, akashusha gunia. Fundo lilikuwa la mkono wa Upepo. Mtu akamnyooshea kisu, akakikataa, akalifungua kwa kucha, taratibu. Akatoa bomba pana, akarudisha ekzosi nyembamba na boksi la filta. Mwisho akaingia ndani kukaza kiti. Boliti iliposhika, na kiti kikagoma kurudi nyuma, Sikio alilia kwa sauti, spana mkononi, mbele ya watu. Hakuona haya.

Alipita nyumbani kwa shemeji gari likinong'ona. Hakuna mtoto aliyetoka mlangoni. Kwao alimkuta mama dirishani. Akapiga magoti mbele ya kiti.

"Mama, nisamehe. Upepo..."

"Upepo amekufa, mwanangu. Mimi ndiye niliyemfumba macho."

"Lakini kila siku unasema umemsikia."

"Mdogo wako hakuzima gari hata siku moja bila kulivumisha kwanza, mpaka vyombo vinatikisika kabatini. Hukumbuki nilivyokuwa namgombeza? Wewe unazima tu, kwa adabu zako. Siku ya kwanza nilijisahau kwa furaha. Ya pili nikasubiri huo mvumo, sikuusikia, nikajua ni wewe."

"Sasa kwa nini ukaendelea?"

"Tangu tumzike ulikuwa huongei humu ndani. Ile 'Ndiyo, Mama' ilikuwa neno lako la kwanza lenye uhai. Nikaona nikikwambia najua, utanyamaza tena. Nikala hata nisipokuwa na njaa, maana nilijua unaitazama sahani yangu."

Sikio aliweza kutambua valvu moja iliyolegea katika injini nzima. Hili hakulisikia. Alilaza kichwa kwenye mapaja ya mama yake, na mama akapapasa mpaka akalipata sikio lake, lina grisi mpaka ndani.

"Haya, kaa hapa sasa," akamwambia. "Nikusikie na wewe."