Televisheni ya Baba na Lori la Bwana Afya

Mwaka jana, nikiwa kidato cha pili, nilipewa kazi ya kupanga taka. Siyo kuzoa, kupanga. Bwana afya wa kata alikuja shuleni kwetu Kirumba, akasema tangu biashara ya nje ifunguliwe tunaletewa redio, pasi na televisheni zilizokwisha kuchoshwa na watu wengine, na zikitufia mikononi tunazitupa ziwani. Akaomba mwanafunzi anayejua kuchora ramani. Mwalimu wa jiografia akaninyooshea kidole mimi, nadhani kwa sababu nilikuwa nacheka.

Nilichora vizuri, sitaficha. Kila mtaa na siku yake, na kituo cha kwanza chini ya jiwe kubwa karibu na kwetu, mahali lori linapoweza kugeuza.

Tatizo lilikuwa sebuleni kwetu. Baba alipopunguzwa kazi kiwandani, alinunua televisheni ya mtumba ili awaonyeshe majirani video kwa kiingilio, familia ipate kula. Ikafanya kazi majuma machache, ikatoa moshi, ikanyamaza. Mama alitaka itoke. Baba alisema inapumzika, na hakuna aliyeruhusiwa kuigusa.

“Si wewe ndiye mpangaji?” mama akaniambia. “Anza na baba yako, tuone.”

Nikamwendea baba, nikampa shikamoo ya pili siku hiyohiyo.

“Marahaba. Umevunja nini?”

Nikamweleza habari ya lori. Akasema, “Nitaipeleka mwenyewe.” Nilichanganyikiwa kabisa, maana nilikuwa nimejiandaa kukimbia.

Jumamosi akaibeba hadi chini ya jiwe, akaketi pembeni yake kwenye kigoda kama mtu aliyesindikiza mgeni stendi. Majirani wakaanza kufika. Mzee mmoja alileta pasi, akaondoka na spika ya redio ya mwenzake. Binti mmoja alileta redio, akachukua boksi la redio nyingine, eti kuku wake amekosa pa kutagia. Watu walizidi kuleta, na lundo likazidi kupungua. Hesabu ya namna hiyo hatujafundishwa.

“Mama mdogo,” nikamwambia jirani aliyekuwa akijaza beseni lake nyaya, “hapa tunaleta, hatuchukui.”

“Nimeleta, si umeona? Sasa tangu lini chombo kikaenda kwa watu kikarudi kitupu? Mama yako hakukufundisha?”

Alinifundisha. Nikamsaidia kujitwika beseni.

Kijana mmoja akainamia televisheni. “Mzee, hiki kitufe bado unakihitaji?”

“Kiguse uone,” baba akamjibu kwa upole uliomfanya aondoke.

Alasiri lori likaja, na bwana afya na mwalimu wakiwa mbele. Dereva akashuka, akatazama mabaki, akauliza, “Napeleka wapi?”

Bwana afya akamtazama mwalimu. Mwalimu akanitazama mimi. Nikaitazama ramani. Mishale yangu yote ilielekea kwenye lori, halafu basi, karatasi nyeupe.

“Nilidhani shule mmepanga,” akasema bwana afya.

“Sisi tulidhani ofisi yako,” akasema mwalimu.

“Mimi nina njia mbili,” akasema dereva. “Moja inaishia dampo, nyingine ziwani. Chagueni, nina mchanga wa watu wa kupakia.”

Baba akasimama, akakung’uta suruali. Hakuwa na hasira. “Siwezi kuitoa nyumbani kwangu bila kujua inakwenda kulala wapi,” akasema. Kisha akanigeukia. “Shika upande ule.”

Sikujua kama niwe upande wa mpango wangu, wa mama, au wa baba. Nikashika. Tukapanda katikati ya mawe, mimi nikienda kinyumenyume. Yule mzee wa spika alikuwa mlangoni kwake.

“Imepona?”

“Inaendelea vizuri,” baba akajibu.

Tulipokaribia nyumbani nikasikia sauti ya mama nyuma ya kisogo changu. “Mpangaji, hiyo inatoka au inaingia?”

Nikamtazama baba anijibie. Naye alikuwa ananitazama mimi.