Nyanya za Mnada

Siku hizi nauogopa mlango wa kanisa letu hapa Muthetheni.

Ijumaa nilipiga dawa nyanya zangu za soko, ile kali ya wadudu, inayoweza kumtoa mtu mate na kumkata pumzi. Zilifaa kungoja wiki mbili kabla ya kuchumwa. Zetu za kupikia ziko nyuma ya nyumba, hazipigwi dawa.

Jumapili, kwa mnada wa mavuno kanisani, nikaona mke wangu ameleta ndoo ya zile za soko. Pasta akainunua, akapangusa moja kwa koti, akauma. Akilini nilishamwona sakafuni akitetemeka.

Nikaruka viti kama mbuzi. “Pasta, tema. Hizo si za kula, ni za kuuza.”

Akatema. Mama Mwende, mteja wangu wa kila wiki, akageuka polepole.

“Za kuuzia nani, Baba Mutua?”