Misumari ya Shaba Kwenye Kitako cha Bunduki

Simu ilinikuta chumbani kwangu Al-Shumaisi, Riyadh, nikipiga pasi shati. Aliyepiga ni mzee mmoja tajiri wa Al-Rawdah, Jeddah, ambaye hakuwahi kunipigia hata siku moja. Alisema mlinzi wa lango lake, Mkenya mwenzangu, alianguka asubuhi akimwagilia maua na hakuamka tena. Kisha akauliza swali ambalo sikulitarajia: "Sasa nani atanisomea ile karatasi?" Nililia, wala sioni haya kusema. Mnaofuata safu hii mnajua kwamba kinachonilisha ni usukani, na sisi madereva wa huku hatulii ovyo.

Marehemu alikuwa Mkamba mwenye kiburi cha usafi. Kwao sufuria isiyong'aa haitolewi mbele ya mgeni. Mwezi wake wa kwanza kazini aliambiwa apanguse vumbi sebuleni, mahali bosi anapoweka vitu vyake vya kale: majambia, mikuki na bunduki zisizofyatuka tena. Akaona birika la kahawa jeusi ti. Akalipeleka bombani, akalisugua kwa ndimu na mchanga kama mama zetu wasuguavyo sufuria, akalirudisha likimeremeta na kusubiri pongezi. Madam, mke wa bosi, alishika mdomo. Lilikuwa birika la babu yake, na weusi ule ulikuwa moshi wa moto wa mzee huyo. "Nilisugua babu ya mtu, kaka," aliniambia miaka mingi baadaye, na hakucheka. Walimsamehe, ila yeye hakujisamehe. Tangu hapo hakugusa kitu kabla ya kuuliza kilitoka wapi na kwa nani.

Ndivyo alivyoijua bunduki moja fupi ya askari wa farasi wa Kimarekani. Ilikuja na barua kuukuu ya Kiingereza, na kwa kuwa bosi hasomi Kiingereza, mlinzi ndiye aliyemsomea na kumfafanulia. Barua ilisema kwamba shujaa mmoja wa Wasioux, wenyeji wa nchi ile kabla ya wazungu, aliinyakua vitani mikononi mwa askari. Kitako kilipovunjika alikifunga kwa ngozi mbichi ikakaukia pale, kisha akakipamba kwa misumari ya shaba. Hakuna ajuaye jina lake. Kilichobaki cha mtu huyo ni misumari ile na ile ngozi.

Mwaka juzi bosi wangu alitaka kuinunua, nami nikamwendesha kutoka Riyadh hadi Jeddah. Nilikuwepo, nimesimama mlangoni. Bosi wangu aliigeuzageuza akakunja uso. Alisema ataichukua, lakini kwanza ngozi ile itolewe, misumari ing'olewe na mbao ipigwe msasa, iwe mpya. Mwenyeji akamwita mlinzi wake. "Leta koleo. Yalla, haraka."

Alileta koleo. Aliishika bunduki kidogo, kisha akaiweka chini, juu ya zulia.

"Baba, nisamehe. Mafi, hapana. Hii siwezi."

"Huwezi au hutaki?" bosi wake akauliza.

"Misumari hii aliipiga mwenyewe, mmoja mmoja. Tukiing'oa, huyu mtu tumemfuta. Itabaki bunduki ya askari tu, na askari hata hakuwa mwenyeji wa pale."

"Wewe ni mlinzi au mwalimu?"

"Mlinzi, baba. Ndiyo maana nalinda."

Mnaoishi huku mnajua alichokuwa anachezea. Ikama yake, kibali cha kuishi huku, ilikuwa inaisha mwezi uleule, na kafili, mwajiri anayekudhamini, akikataa kuihuisha, ni ndege ya kurudi nyumbani. "Halas, basi, nje!" bosi wake akafoka, naye akatoka taratibu kurudi langoni. Mgeni aliyedharauliwa mbele ya watumishi hanunui kitu, kwa hiyo tulirudi Riyadh mikono mitupu, bosi wangu akinung'unika njia nzima.

Wiki tatu bosi wake hakumsemesha. Kila asubuhi mlinzi alifunga begi, na kila jioni akalifungua. Siku moja akaitwa sebuleni. Ikama mpya ilikuwa mezani, na pembeni yake ile barua. "Keti," aliambiwa. "Nisomee tena." Ikawa desturi yao ya kila Alhamisi.

Juzi nilikwenda Jeddah kukusanya vitu vya marehemu visafirishwe pamoja naye. Nilikuta fundi mpaka rangi ameshaanza kuandaa chumba cha langoni kwa mlinzi mpya. Kwenye fremu ya mlango kulikuwa na misumari kumi na moja, mmoja kwa kila mwaka ikama ilipohuishwa. Wa kwanza ulishikilia kofia yake, wa mwisho funguo. Mpaka rangi alikuwa tayari na koleo mkononi. Yule mzee akaja mbio, kanzu ameipandisha kwa mkono mmoja.

"Mafi! Hiyo iache," akasema, akaizuia fremu kwa kiganja. "Yeye ndiye aliyeipiga."

Sisi tuliokuja kusafisha nyumba za watu tunajisifu kwa kung'arisha. Nami najisifu, gari langu mnalijua. Lakini huyu bwana alinifunza kwamba ufundi wa kusafisha ni kujua kipi si uchafu, na kuuliza si ujinga. Mpaka rangi alipaka kuzunguka misumari, mmoja mmoja, polepole, sisi wawili tukimsimamia.